Mnara si Lindo

Minara ya simu ya milima ya Usambara ina walinzi wake. Chini ya vyuma vile virefu kuna kibanda, ndani ya kibanda kuna mtu mwenye koti zito na tochi, na kazi yake ni kuhakikisha betri na mafuta ya jenereta vinaamka kama vilivyolala. Pita kata ya Dindira, wilayani Korogwe, uulize kati ya mnara na mtu ni nani anayemlinda mwenzake. Utachekwa, kwa sababu jibu linaonekana: mnara haulindi, unalindwa.

Kichekesho hicho kinagusa tatizo la istilahi ambalo kila anayetaka kuandika historia ya ulinzi wa pwani kwa Kiswahili atakutana nalo. Chukua Malta, kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterania. Kuanzia mwaka 1610 Alof de Wignacourt, mkuu wa watawa-askari wa Mtakatifu Yohana, alijenga kandokando ya pwani yake majengo mazito yenye mizinga ili kuwazuia Waosmani na maharamia. Kazi ilipimwa mapema. Julai 1614 merikebu za Waosmani zilijaribu kuingia ghuba ya Marsaxlokk, mizinga ya jengo la Mtakatifu Lusiano ikawalazimisha kutafuta ufuko mwingine. Miaka ya 1658 na 1659 mkuu mwingine, Martin de Redin, akaongeza majengo 13 madogo yaliyokaa kama jamvi la wazee, kila mmoja akimwona jirani yake. Usiku walinzi waliwasha moto, mchana walifukiza moshi, na habari ya tanga geni ikakimbia kutoka rasi hadi rasi mpaka mjini Valletta.

Majengo hayo tuyaiteje? Wafasiri wengi huandika "minara ya ulinzi" kisha wakaendelea na safari. Kisarufi hakuna kosa. Ila jaribu kuandika sentensi nzima: "historia ya minara ya ulinzi ya pwani ya kisiwa cha Malta." Viunganishi vitano vimepangana, na msomaji amechoka kabla hajauona moto wenyewe. Nami naona uzito huo ni dalili ya ugonjwa mwingine. Neno "mnara" limeitwa kufanya kazi isiyo yake, wakati mwenye kazi amekaa kibarazani akisubiri kuitwa. Jina lake ni lindo.

Tuanze na mnara, maana ana historia nzuri na sitaki aonekane ameonewa. Asili yake ni Kiarabu, manara, mahali pa nuru au pa moto. Ni ndugu wa "nuru" tunayoijua. Waswahili walipolisikia, sikio lao likatenda haki ya Kibantu: ma- ile ya Kiarabu ikabanwa ikawa m-, neno likaketi pamoja na mti na mkono, na wingi wake ukawa minara. Ndivyo masjid ilivyogeuka kuwa msikiti na misikiti. Ugeni uliisha pale neno lilipopata wingi. Tangu hapo tukasahau kuwa ndani yake kuna taa, hata tukasema "mnara wa taa" bila kuona kwamba tumewasha taa mara mbili.

Lakini tazama pwani yetu ilivyolitumia neno hilo. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kuna magofu yenye makaburi ya minara: nguzo za mawe ya matumbawe zilizosimamishwa juu ya wafu. Nguzo kama hizo ndizo zilizolipa jina Mnarani, ng'ambo ya hori la Kilifi huko Kenya. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuna Mnarani nyingine, ya taa ya mabaharia iliyojengwa mwaka 1886. Chumbe ina mnara wa taa wa mwaka 1904, na Ulenge, kisiwa kilicho mbele ya bandari ya Tanga, nacho kina wake. Dar es Salaam ina mnara wa Askari wa mwaka 1927, ambao ni sanamu ya shaba, haina hata ngazi ya kupandia. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib mjini Zanzibar ulionyesha saa hadi ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Msikitini mnara hubeba sauti. Kaburini hubeba heshima, na kwenye simu hubeba mtandao, ndiyo maana mtu aliyepanda mlimani kutembelea wazazi husema "huku hakuna mnara" akiwa na maana kwamba hapatikani.

Ukiziweka maana hizo zote pamoja utaona zinakubaliana katika jambo moja. Mnara ni kitu cha kuonekana au kusikika kutoka mbali. Nahodha huutazama, muumini huusikiliza, mjukuu huukuta kaburini akamkumbuka babu. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaosifiwa kwa kuona. Mnara huonekana, lindo huona. Majengo ya De Redin yalijengwa kwanza ili yaone.

Kuna mtego hapa. Wamalta wanayo sikukuu kubwa ya tarehe 29 Juni, ya Mtakatifu Petro na Paulo, wanayoiita Imnarja. Mswahili akisikia jina hilo, na akijua kwamba Kimalta kina mizizi ya Kiarabu, ataruka kwa furaha: kumbe na wao wana mnara! Hawana. Jina hilo limetokana na luminaria, neno la Kilatini la mataa na mioto iliyowashwa usiku wa sherehe. Mataa ni yale yale, ukoo ni mwingine. Kwa mpenda maneno hakuna pombe tamu kuliko kufanana kwa sauti, na hakuna inayolewesha haraka zaidi.

Kama si mnara, labda buruji? Hili limo katika kamusi kongwe, ingawa mtaani halisikiki. Limetoka kwenye burj ya Kiarabu, na wanaosoma Kurani wanalijua kutoka Sura ya 85. Maana zake ni mbili: jengo refu la ngome, na nyumba za nyota angani, zile zinazotazamiwa na wanajimu. Wajukuu wa Unguja na Mombasa walioko Muscat na Dubai hulitamka kila siku bila kulifikiria, kwa kuwa Burj Khalifa yenye mita 828 iko pale tangu mwaka 2010, na katika Oman burj za mawe na udongo zimesimama juu ya vilima, mabonde na mashamba ya mitende. Kinachonifurahisha ni safari ya neno lenyewe. Wataalamu wa lugha hulifuatilia hadi kwa Wagiriki, pyrgos, likapita kwa watu wa Shamu, likaingia Uarabuni, ndipo likavuka bahari kuja kwetu. Yaani neno la mnara wa Mediterania limetufikia miaka mingi kabla ya makala za watalii. Nao Wamalta, ambao lugha yao ni binti wa Kiarabu, ambao husema ras kama sisi tusemavyo rasi na wana mji uitwao Mdina, kwa jengo la namna hii wamechukua torri ya Waitalia. Sisi tulio mbali tumeihifadhi maana ambayo wao wenyewe wameiacha njiani.

Pamoja na hayo nisingelitumia buruji kwa lindo. Ningelihifadhia ile minara minene ya mviringo kwenye pembe za Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno Mombasa mwaka 1698. Kitu kile hakina jina zuri kwa Kiswahili cha leo, na buruji inakitosha.

Maneno mengine ya ukoo huu yana kazi zake. Husuni imebaki Kilwa Kisiwani, kwenye Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, ikawa jina la mahali. Gereza ilitokana na igreja, kanisa la Wareno. Kanisa likiwa ndani ya kuta, watu wakaziita kuta zote kwa jina la kanisa, kisha zikatiwa wafungwa. Ngome ya Yesu Mombasa, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifanywa vivyo hivyo. Kilwa bado kuna jengo liitwalo Gereza. Ngome nayo imepanda cheo: ukisema "Ngome" Dar es Salaam, watu huelewa makao makuu ya jeshi.

Boma linahitaji neno moja la ziada, kwa sababu kuna hadithi inayopendwa vijiweni na hata vyuoni kwamba B-O-M-A ni kifupi cha maneno ya Kiingereza kuhusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Hadithi tamu, na ya uongo. Msafiri Stanley alilichapa neno hilo kitabuni mwaka 1878. Bwana Heri wa Saadani, aliyewategemea sana Wazigua katika vita vyake na Wajerumani, alijifungia ndani ya boma la magogo huko Mlembule, na kamanda wa Wajerumani, Wissmann, akaja kulishambulia Januari 1890. Wajerumani waliposhika nchi wakaziita ofisi zao boma, kama ile ya Handeni. Waingereza hawakuingia Handeni na Korogwe mpaka Juni 1916. Kifupi kinawezaje kutangulia maneno yake? Boma ni uzio: wa ng'ombe, wa vita, wa serikali. Na Watanzania wameliongezea maana ambayo hakuna Mwingereza angeifikiria, "maboma ya madarasa," zile kuta ambazo wananchi wamezijenga na sasa zinasubiri bati. Hakuna hata boma moja katika hayo linaloangalia baharini.

Hapa ndipo milima inapoingia. Steven Feierman, aliyeandika historia ya dola ya Wasambaa mwaka 1974, anaeleza jinsi Wasambaa walivyoigawa nchi: kuna Shambaai, juu, penye baridi, migomba na watu, na kuna nyika, chini, penye joto, ukame na hatari. Dindira iko juu, pembezoni. Ukifika ukingoni, penye chai na ukungu, nyika imetandazwa chini yako hadi bonde la Ruvu, mto ambao ramani huuita Pangani. Katika karne ya 19 nyika hiyo ilipitwa na misafara ya pembe na watumwa, na ilivamiwa na Wamasai waliotafuta ng'ombe. Wazigua waliokaa kando ya mto walijenga vijiji vyao visiwani, katikati ya maji, na Korogwe ya zamani ilikuwa mojawapo: kisiwa kisicho na bahari, chenye mto kama ukuta. Anayeishi ukingoni mwa mlima hakuhitaji kujenga kwenda juu. Mungu alikuwa ameshamjengea. Alichohitaji ni mtu wa kukaa pale macho wazi, na sauti ya kupiga.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba lugha zetu zina maneno mengi ya mahali na kazi ya kulinda, na machache ya jengo refu la kulindia.

Jengo moja hata hivyo lipo, na wenyeji wa Tanga wangelijua zaidi lingeandikwa kwa maneno mazuri. Juu ya Mlima Tongwe, wilayani Muheza, kuna mabaki ya ngome ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1853 kwa amri ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Wakati huo Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alikuwa bado anatawala kutoka Vuga, na mkono wake ulifika pwani kwa kupitia madiwani. Sultani naye alitawala bandari. Wawili hao waligawana watu wale wale, kila mmoja akipokea heshima yake. Februari 1857 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, wakielekea Vuga kumwona Kimweri, walipita Tongwe wakawakuta askari wa Kibaluchi, mishahara midogo, malalamiko mengi. Lakini angalia upande waliokuwa wanautazama. Bahari ilikuwa nyuma yao. Lindo la mfalme wa kisiwani lilielekezwa milimani na kwenye nchi ya Wazigua. Malta iliogopa kinachotoka majini, Tongwe iliogopa kinachotoka bara.

Kuna sababu za kimaumbile kwa nini pwani yetu haikuzungushiwa mkanda wa malindo kama Malta, Sardinia au Corsica. Miamba ya matumbawe na mikoko huzuia chombo kufika popote kinapotaka, na hata panapopitika, maji yakitoka chombo hukwama. Pepo nazo hujulikana: kaskazi huleta majahazi, kusi huyarudisha. Adui wa Mediterania aliweza kuja kwa makasia siku yoyote ya kiangazi. Wetu alikuwa na msimu. Pale ambapo hofu ilizidi, watu walijenga. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa 19, mashua za Wamalagasi zilivamia Visiwa vya Ngazija kuteka watumwa, zikafika hadi Kua, kisiwani Juani karibu na Mafia, mji ambao haukuinuka tena. Mutsamudu, mji wa visiwa hivyo, ikajengewa ngome juu ya kilima, na miji ya Ngazija ikazungushiwa kuta. Anayetafuta ndugu wa kweli wa Malta katika bahari yetu aanzie huko.

Sasa niingie shambani, kwani lugha ya kulinda imekomaa huko kuliko kwenye ngome yoyote.

Mkulima wa mahindi milimani anapambana na nyani na tumbili mchana, nguruwe mwitu usiku. Wa mpunga kule Mombo anapambana na kweleakwelea wanaoshuka kama wingu. Dawa ya wote ni moja: mtu lazima awepo. Anasimamisha nguzo nne, anatandika fito, anaezeka nyasi, anaweka ngazi ya miti miwili. Hilo ni dungu, wingi madungu. Wengine huliita ulingo. Kulinda mimea hivyo, hasa dhidi ya ndege, ni kuamia. Kuwafukuza kwa kelele na mikono ni kuwinga. Silaha ni teo, mawe, na debe tupu linalopigwa kwa kijiti. Wapiga debe wa stendi ya Segera wana jina kama la kazi hiyo ingawa wao huwaita abiria badala ya kuwafukuza. Hata kubisha hodi kwenye dungu kuna adabu yake. Unaita kutoka mbali, usije ukapokewa na jiwe la teo.

Tazama basi mambo yote ya De Redin yamo: jukwaa lililoinuliwa, mtu aliyekesha, dungu la jirani ndani ya upeo wa macho au wa sikio, na ishara inayopokezanwa. Nguruwe wakiingia kwa mmoja, debe hupigwa na bonde zima huamka. Sidai kwamba mahindi ni Malta. Nadai kwamba anayesema Kiswahili hakina msamiati wa minara ya kuangalizia hajalala shambani.

Ulingo umepata bahati ya ajabu. Umetoka kwenye mpunga ukaingia mjini, ukawa jukwaa la masumbwi. Bondia hupanda ulingoni, wanasiasa nao wana ulingo wa siasa, na watangazaji hawana habari kwamba wanataja kibanda cha kuwingia ndege. Sina kinyongo. Maneno hayana mahari ya kurudisha. Lakini ulingo ukishakwenda kwa mabondia, hauwezi tena kurudi pwani bila kuleta glavu. Dungu nalo limebaki la kienyeji mno. Ukiandika "madungu ya Malta" msomaji ataona makuti, na yale ni mawe. Tunabaki na lindo.

Lindo limetoka kwa linda, kitenzi cha Kibantu kilicho na ndugu wengi kutoka Kongo hadi pwani, na katika baadhi ya lugha hizo maana yake ni kungoja. Huo ndio ukweli wa kazi yenyewe: sehemu kubwa ya kulinda ni kungoja jambo ambalo unaomba lisitokee. Kutoka hapo tuna mlinzi, ulinzi, na lindo, yaani mahali pa kulinda na pia zamu yenyewe. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hawahitaji kamusi: kuna kushika lindo, kuna kupokezana lindo, na kuna kukutwa umelala lindoni, kosa ambalo adhabu yake hukumbukwa hadi uzeeni. Wanaolinda mitaa usiku kwa zamu hulitumia hivyo hivyo. Ni neno lililo hai, lenye jasho na usingizi ndani yake.

Wamalta wana kitu kinachokaribiana na hicho. Wanamgambo wao wa zamani waliokesha pwani waliitwa Dejma, jina linalohusishwa na neno la Kiarabu la kudumu, lile lile lililotupa "daima." Kimalta cha leo husema dejjem, na maana yake ni daima. Kwao kulinda kuliitwa kwa jina la kutokoma. Kwetu kuliitwa kwa jina la kungoja. Kati ya hizo mbili naipenda ya kwetu, maana ni ya mtu aliyewahi kukaa usiku kucha akitazama giza.

Hatari iko upande mwingine, kwa wapenda maneno kama mimi. Tukishashika "linda" tunaanza kuliona kila mahali. Wakilindi, ukoo wa Mbega uliotawala Shambaai, si walinzi? La. Jina lao linatokana na Kilindi, nchi ya Unguu alikotoka Mbega, ambayo leo ni wilaya iliyomegwa kutoka Handeni. Ndivyo pia inavyosimuliwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa Magila mwishoni mwa karne ya 19. Kilindi cha Kiswahili, chenye bandari ya Kilindini, ni maji marefu. Na Dindira? Kuna lugha jirani ambazo mtu akisema "lindila" anaagiza ungoje au ulinde kwa niaba ya mwingine, na sikio linawasha kuviunganisha. Usikune. Sauti si ushahidi, na jina la mahali huulizwa kwa wazee wa mahali hapo, halichongwi mezani.

Waingereza wanaweza kutufundisha gharama ya sikio. Februari 1794 merikebu zao mbili zilipiga mizinga kwenye lindo moja la mviringo huko Corsica, katika rasi ya Mortella, jina la mhadasi, mti mdogo wenye harufu nzuri. Lindo lile dogo likazidharau merikebu zote mbili. Waingereza walivutiwa mno, wakaiga umbo lile na kujenga zaidi ya 100 nchini kwao, kisha wakavuka nalo bahari; Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii, ilipata matano miaka ya 1830. Ila jina walilikosea. Mortella ikawa Martello, na mhadasi ukapotea. Mawe waliyaiga vizuri kuliko silabi tatu.

Sisi hatuna sababu ya kukosea kwa namna hiyo, kwani hatuazimi. Neno "istilahi" lenyewe ni ndugu wa suluhu: ni jambo ambalo watu wamekaa wakakubaliana. Basi tukubaliane. Kitu kirefu cha kuonekana kibaki mnara. Duara la pembeni mwa ngome liwe buruji. Kuta za jeshi ziwe ngome, na uzio wa utawala boma. Mahali pa kukesha ukimtazama adui, pawe pa mawe au pa fito, Malta au Tongwe, ni lindo. Wapo watakaosema lindo halina urefu. Jibu ni kwamba urefu haukuwa kusudi. Ulikuwa njia, na mahali penye mlima, kama Dindira, njia hiyo ilitolewa bure. Mwandishi akihitaji kuonyesha urefu, aseme "lindo refu," au hata "mnara wa lindo," na kila mtu ataelewa.

Angalia pia jinsi sentensi inavyopumua: "malindo ya pwani ya Malta." Linganisha na ile ya mwanzo. Mtangazaji wa redio atakushukuru, na mwanafunzi wa kidato cha pili ataielewa kabla kengele haijalia.

BAKITA na wahariri wa kamusi wa TATAKI, ombi ni dogo. Katika toleo lijalo, chini ya lindo, ongezeni maana moja: jengo au mahali palipoinuka pa kumwangalizia adui, hasa pwani, wingi malindo. Nanyi wafasiri msingoje toleo hilo. Anzeni kuliandika.